Tone baharini? Inategemea bahari gani

Mwanzoni mwa mvua nilikuwa nyumbani Mapera, Mbinga, kwa likizo fupi. Siku ya pili tu nikamkuta baba mdogo kijitoni, amevua bomba la kupulizia mgongoni, anasuuza. Ni ile dawa ya shaba ya kahawa, ya bluu, wanayopulizia dhidi ya chulebuni na kutu ya majani. Lita moja hivi ilikuwa imebaki chini ya bomba, naye anaimwaga taratibu majini. Nikamwamkia, halafu nikasema kwa adabu zote, "Baba, hiyo si inakwenda kwenye maji?" Akacheka. "Mwanangu, maji yote haya yanakwenda kwenye maji makubwa. Hilo ni tone tu baharini."

Sikuwa na jibu. Jamani, nasoma shahada ya pili ya sayansi, na msemo wa maneno matatu umeninyamazisha. Usiku nikalala nauwaza. Kilichonisumbua si kwamba baba mdogo alikuwa amekosea. Kilichonisumbua ni kwamba kwa upande fulani alikuwa sahihi kabisa, na sikujua upande gani.

Twende taratibu. "Tone baharini" ni msemo wa kutolingana: vitu viwili vimewekwa ubavu kwa ubavu ili ukubwa wa kimoja ufanye kingine kionekane si kitu. Waingereza wanao huo huo, na inawezekana sisi tumeuchukua kwao, maana siku hizi unausikia zaidi kwenye hotuba na magazeti kuliko kwa wazee. Wao nao waliupata kwenye Biblia. Ukifungua Isaya sura ya 40 utakuta mataifa yanafananishwa na tone la maji, ila tone lile ni la ndoo, si la bahari. Waingereza na Wamarekani wanatumia ndoo hadi leo, lakini huku njiani wengine waliona ndoo haitoshi wakaweka bahari. Hapo hakuna aliyepima chochote. Ndoo ina lita 20, bahari ina lita zisizotamkika, na bado misemo yote miwili inatumika kwa maana moja: kidogo mno, achana nacho.

Kiingereza kina ghala zima la misemo ya namna hii. Mtu akilikuza jambo dogo, wanasema amefanya kichuguu cha fuko kuwa mlima. Watu wakigombana kwa kitu kisicho na uzito, hiyo ni dhoruba ndani ya kikombe cha chai. Ukitumia nguvu kubwa kwa kazi ndogo, umechukua nyundo kubwa kupasulia kokwa. Cha chini kikimwendesha cha juu, mkia unamtikisa mbwa. Ukiipeleleza historia yake, mingi inasafiri inabadilisha nguo tu. Dhoruba ya kikombe, Cicero wa Roma aliiweka ndani ya upawa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Wafaransa wakaitia kwenye glasi ya maji. Waingereza, unajua tena na chai yao. Mlima wa fuko tunao kwenye maandishi ya Nicholas Udall ya mwaka 1548, na hapo hapo pembeni yake kaweka ndugu yake mkubwa, yule wa kumfanya nzi kuwa tembo, aliyetoka kwa Wagiriki. Warusi wamebaki na nzi na tembo. Wajerumani wao wamechagua mbu.

Na usidhani ni maneno ya vijiweni tu. Misemo hii imeingia hadi mahakamani. Mwanasheria mmoja wa Uswisi, Fritz Fleiner, mwanzoni mwa karne ya 20 aliandika kwamba polisi hawapaswi kupiga shomoro kwa mizinga, na sentensi hiyo ikawa njia ya mkato ya kufundishia kanuni nzima: hatua ya dola ilingane na kosa. Mwaka 1983 Jaji Diplock wa Uingereza akasema jambo lile lile kwa nyundo ya mvuke na kokwa, akikumbusha kwamba kuna kibanio cha kupasulia kokwa. Uhuru wa mtu unapimwa kwa shomoro na kokwa! Sasa kama jaji anaweza kuamua kwa kutumia msemo, baba mdogo atashindwaje kuamua mambo ya bomba lake?

Hapa ndipo hesabu ya darasa la nne inapoingia. Unakumbuka sehemu? Namba ya juu ni kiasi, ya chini ni asili. Msemo wa kutolingana ni sehemu iliyofichwa. Tone ni kiasi, bahari ni asili. Kokwa ni kiasi, nyundo ni asili. Na ujanja wote uko kwenye asili, kwa sababu msemaji ndiye anayeichagua na wewe msikilizaji huulizwi. Ukiambiwa "tone baharini" unalitazama tone, unatikisa kichwa, huulizi bahari imeingiaje hapo.

Kuna methali yetu ambayo inauliza. "Maji ya kifuu, bahari ya chungu." (Chungu huyu ni mdudu, ndugu wa sisimizi, si chungu cha kupikia, mdogo wangu alikuwa anadhani ni chungu hadi kidato cha pili.) Maji yale yale, asili tofauti: kwako ni mkupuo mmoja, kwake ni bahari. Nikasema ngoja niipime. Tuseme mdudu wetu ana urefu wa milimita 3 na kifuu kina upana wa sentimita 10. Kifuu ni kama mara 33 ya urefu wake. Mtu wa mita 1.7 ukimzidishia 33 unapata mita 57. Yaani kwa chungu, kifuu ni kama bwawa la kuvuka kwa kuogelea, si bahari. Ziwa Nyasa penye upana mkubwa lina kama kilomita 75, sawa na mabwawa 1,300 ya namna hiyo yaliyopangwa mstari. Methali imetia chumvi mara elfu na ushee.

Lakini subiri, maana chungu mwenyewe hatakubaliana na hesabu hii, na fizikia iko upande wake. Galileo alionyesha kwenye kitabu chake cha 1638 kwamba ukikipunguza kitu, vipimo vyake havipungui kwa mwendo mmoja. Punguza urefu mara 10, eneo la ngozi linapungua mara 100, uzito unapungua mara 1,000. Kwa hiyo mdudu ana ngozi nyingi mno kwa uzito kidogo mno. Mwaka 1926 J.B.S. Haldane aliieleza vizuri katika insha yake kuhusu ukubwa unaofaa: mtu akitoka kuoga hubeba maji ya kama nusu kilo mwilini na wala hayasikii, panya aliyelowa hubeba maji karibu sawa na uzito wake, nzi aliyelowa hubeba maji mara nyingi ya uzito wake, na asipobahatika hatoki tena. Juu ya hapo kuna mvutano wa uso wa maji, ile ngozi nyembamba inayomfanya mdudu atembee juu ya dimbwi. Kwako haipo. Kwa chungu ni ukuta. Akishaupasua akaingia, ukuta ule ule unamzuia kutoka. Kwa hiyo maji ya kifuu si bahari ndogo kwa chungu. Ni kitu kingine kabisa ambacho sisi wenye miili mikubwa hatujawahi kukutana nacho. Aliyetunga methali hakuwa na mizani wala darubini, ila alijua kwamba ukubadilisha anayepima umebadilisha kinachopimwa.

Kiswahili kina misemo mingine mingi ya kutolingana ambayo sitaichambua, kama hafui dafu mbele ya fulani, au tofauti ya mbingu na ardhi. Hiyo inatangaza pengo tu, basi. Inayonivutia zaidi ni ile yenye muda ndani yake. Haba na haba hujaza kibaba. Bandu bandu huisha gogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mdharau mwiba mguu huota tende. Yote inaanza na kitu kidogo mbele ya kikubwa, kama tone na bahari, ila haikuishia kwenye "achana nacho". Inasema subiri uone. Waingereza nao wanayo hiyo, wana mshono mmoja unaookoa mishono tisa, kwa hiyo sitadai kwamba sisi tuna hekima na wao hawana. Ila nikiorodhesha ile iliyo mdomoni mwa watu, naona Mwingereza hupenda kumcheka anayepiga kelele kwa kidogo, na Mswahili hupenda kumwonya anayekipuuza. Ni maoni yangu. Mwenye orodha nyingine aje nayo.

Hiyo ya mwiba ina kichekesho chake. Tende ndiyo matende, ule mguu unaovimba kama wa tembo. Mwiba hausababishi matende. Mengi yanaletwa na minyoo myembamba kama uzi inayoenezwa na mbu, na kuna aina nyingine inayowapata watu wanaotembea peku miaka mingi kwenye udongo mwekundu wa volkano. Kwa maneno mengine methali imekosea mhalifu, lakini mhalifu halisi ni mdogo kuliko mwiba. Kutolingana kumezidi kule ilikokusema.

Haba na haba nayo ina hesabu safi. Kibaba kilikuwa kipimo halisi cha nafaka, robo ya pishi, kama robo tatu za kilo. Punje moja mbele ya kibaba si kitu. Ila hakuna aliyekuambia utaweka punje moja. Ukitaka kuiona kwa macho, panda vilima vya Umatengo utazame ngoro. Wamatengo wanalaza majani kwa mistari inayokatana, wanachimba katikati na kufunika majani kwa udongo, na kinachobaki ni mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki, kila moja lina upana wa mita moja na nusu hadi mbili. Mvua ya masika ikiteremka mlima mzima, shimo moja litafanya nini? Hakuna. Lakini maji hayapati nafasi ya kuwa mto, kwa sababu kila mita mbili yanakutana na shimo. Miteremko ambayo mgeni anaiangalia na kusema hapa halimwi, inalimwa maharage na mahindi kizazi baada ya kizazi.

Haya, turudi kijitoni. Nilisema baba mdogo alikuwa sahihi kwa upande fulani. Tone la maji lina kama mililita 0.05. Ziwa Nyasa lina ujazo wa kama kilomita za ujazo 8,400. Ukigawanya, ziwa lina matone kama 17 ikifuatiwa na sufuri 19. Hapo tone limeshaaibika. Ila sasa hesabu molekuli zilizomo ndani ya tone moja: ni kama 17 ikifuatiwa na sufuri 20. Umeiona? Molekuli za tone ni nyingi kuliko matone ya ziwa, mara kumi hivi. Maana yake, ukidondosha tone moja Mbamba Bay, ukalikoroga ziwa lote hadi Malawi na Msumbiji, kila tone utakalochota popote litakuwa na molekuli kama kumi za tone lako. (Wanakemia watanisamehe, najua molekuli za maji hubadilishana hidrojeni njiani.) Bahari zote za dunia ukizikoroga hivyo hivyo, utakuta kama molekuli moja katika kila lita. Tone halipotei. Linakuwa kila mahali.

Je, molekuli kumi zina madhara? Hapana. Paracelsus alishasema karne ya 16 kwamba kinachoifanya sumu iwe sumu ni kipimo chake. Kwa hiyo kama asili ni ziwa zima lililokorogwa vizuri, baba mdogo ameshinda kesi.

Shida ni kwamba ziwa halikorogeki. Chini ya mita 250 hivi maji yake hayana oksijeni, na hayachanganyiki kwa urahisi na ya juu. Usipa na samaki wote tunaowala wanaishi kwenye tabaka la juu. Halafu maji mengi yanayotoka ziwani hayatoki kwa mto Shire. Yanapaa kama mvuke, na shaba haipai. Shaba ni elementi, haiozi wala haichoki. Inabaki, inashuka na tope. Ziwa Nyasa halifanani sana na bomba lenye njia ya kutokea; linafanana na sufuria iliyo jikoni. Na kama kijito chetu kingekuwa cha upande wa pili wa milima, kingeishia mto Ruvuma na Bahari ya Hindi, hadithi nyingine. "Maji makubwa" si mamoja.

Ila hata ziwa tuliweke pembeni. Kabla tone halijafika bahari yoyote, linapita mahali padogo. Asubuhi yake nikachukua ndoo ya lita 20 na simu, nikaenda pale maji yanapoangukia kwenye mwanzi. Ndoo ilijaa kwa sekunde 10. Lita 2 kwa sekunde, lita 120 kwa dakika. Baba mdogo alimwaga ile lita moja kwa muda wa kama dakika moja. Tuseme dawa iliyochanganywa ilikuwa na gramu 2 za shaba kwa lita. Gramu 2 ndani ya lita 121 ni kama miligramu 16 kwa lita. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha shaba kwenye maji ya kunywa ni miligramu 2. Kwa dakika ile moja kijito kilikuwa na mara nane ya kiwango, na viluwiluwi na samaki wadogo wanaumizwa na kiasi kidogo kuliko hicho kwa mbali. Kweli, ni dakika moja tu, kisha wimbi linapita. Lakini chini kidogo ya pale, hatua kama mia mbili, ndipo mama mdogo anapochota maji.

Nilimpelekea baba mdogo hesabu hiyo kwenye karatasi. Nikamwambia sijabadilisha tone lako baba, nimebadilisha bahari tu. Akaisoma akiwa amekaa kwenye kigoda, akauliza ndoo nilipimia wapi, akataka kuona mwenyewe. Tukaenda, akapima mara tatu. Yake ilijaa kwa sekunde 11. Akanyamaza, akatazama kule chini penye njia ya kuchotea maji.

Jumamosi iliyofuata alisuuza bomba shambani. Maji ya kusuuzia akayapulizia kwenye mistari ya kahawa ambayo hayakuwa yameifikia vizuri, mara tatu, maji kidogo kidogo kila mara. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, na dawa haipotei bure, jambo lililomfurahisha kuliko miligramu zangu. Tukaongea pia kuhusu miche ya kahawa inayostahimili chulebuni na kutu, ambayo watu wa utafiti wa kahawa wa TaCRI wana kituo chao kidogo Ugano, hapo hapo Mbinga. Miche kama hiyo inapunguza kupulizia kwenyewe.

Halafu akaniuliza swali. "Sasa mwanangu, hii shaba ambayo nimepulizia miaka yote tangu hujazaliwa, iko kwenye udongo. Mvua ikishuka mlimani, je?"

Shaba hushikamana na udongo, nikamwambia, kwa hiyo udongo usipoondoka na yenyewe haiondoki. Ndiyo maana Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka mtoni ziachwe bila shughuli za kuharibu kingo. Akageuka, akaitazama kahawa yake ya mstari wa mwisho, akahesabu hatua kwa macho hadi majini. Hazikufika 20.

"Majani," akasema. "Tutaanza kwa kuotesha majani."